Siku nne za kwenda Holašovice, kijiji kilichosalimika kwa kuachwa

Niliahidi kuiandika safari hii tangu Mei 2024, na kila nikishika kalamu kazi inanivuta. Sasa mvua za vuli zimetusimamisha, lipu haikauki, basi nimekaa na daftari langu lililopakaa chokaa na picha mia mbili na kitu za kwenye simu, nikazipanga siku kwa siku. Bei nimeziandika kama tulivyolipa wakati ule. Koruna moja ya Chekia ilikuwa kama shilingi 110 za kwetu.

Kwa asiyenijua: mie ni fundi wa chokaa hapa Unguja, kuta za Mji Mkongwe ndizo zinazonilisha. Mwezi wa nne nilikwenda Vienna kwa mafunzo ya wiki tatu juu ya lipu za zamani, na mafunzo yalipokwisha viza yangu ilikuwa bado na siku sita. Siku moja darasani mwalimu alikuwa ametuonesha picha ya uwanja wenye majani, na nyumba nyeupe zimeupanga pande zote, kila moja kipaji chake, yaani ukuta wake wa mbele, kimepambwa nakshi za lipu mfano wa keki ya harusi. Nikauliza, hapa wapi? Akajibu ni Holašovice, kijiji cha wakulima cha Bohemia Kusini, huko Chekia, watu hawafiki hata mia mbili, na kimo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1998. Sisi Mji Mkongwe tuliingia 2000. Nikasema hawa wakubwa zetu, lazima nikawaamkie.

Mpwa wangu anasoma Linz. Alhamisi ile ilikuwa sikukuu ya Kupaa huko Austria, Ijumaa akaipiga chenga, tukapata siku nne.

Siku ya kwanza, Jumatano 8 Mei: Linz hadi České Budějovice

Treni ya asubuhi, yuro 17 kila mtu, safari ya saa mbili kwa maandishi. Reli inapanda kaskazini kupitia vilima na misitu ya misonobari, inapita Freistadt, inavuka mpaka kati ya stesheni ya Summerau na Horní Dvořiště. Hapo tulisimama dakika arubaini. Hakuna aliyesema kwa nini. Abiria wengine walikuwa wametulia wanakula mikate yao, mie ndiye niliyekuwa nachungulia dirishani kama mtu aliyepoteza mbuzi.

Mpwa wangu, anayejua kila kitu kwa sababu ana simu, akanieleza kwamba njia hii ya Linz na Budějovice ilikuwa na reli ya farasi iliyokamilika 1832, miongoni mwa reli za mwanzo kabisa za bara la Ulaya. Farasi walivuta mabehewa ya chumvi kutoka migodi ya Austria, chumvi ikashushwa Budějovice na kupakiwa mashuani kuteremka mto Vltava hadi Praha. Nikamwambia basi hawa walikuwa na gari moshi lisilo na moshi kabla babu zetu hawajaliona la Bububu, kwetu Unguja. Akasema, "Mjomba, la Bububu angalau halikuhitaji majani."

Kuwasili České Budějovice tukaelewa kosa letu. Tarehe 8 Mei ni sikukuu Chekia, siku ya kumalizika vita 1945. Maduka makubwa yote hufungwa siku hiyo kwa sheria, na mabasi ya vijijini hufuata ratiba ya sikukuu, maana yake karibu hayapo. La Holašovice la mwisho lilikwisha ondoka. Na hata lingekuwapo tungelikosa, maana tulizunguka nusu saa nzima tukitafuta stendi ya mabasi. Stendi ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Wameiweka kwenye paa la jengo la maduka mbele ya stesheni ya treni! Unapanda ngazi za umeme, unafungua mlango, unakuta mabasi. Bibi mmoja mwenye kigari cha mjukuu ndiye aliyetuonea huruma, akatushika mkono kimya kimya mpaka juu, akatuonesha ubao wa ratiba, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama vile yeye ndiye aliyelichelewesha treni.

*Kwa wanaokuja nyuma yetu:* tazameni kalenda kabla ya kukata tiketi. Duka kubwa likifungwa, vijiduka vidogo vya familia za Kivietnamu huwa wazi na vina mkate, maji, ndizi na kadi za simu. Laini ya Austria ilifanya kazi upande wa Chekia bila kuongeza senti.

Tukalala mjini, chumba cha vitanda viwili koruna 1,300. Jioni tulitembea kwenye uwanja mkuu, mraba mtupu kabisa wa mita zaidi ya 130 kila upande, umezungukwa na nyumba zenye baraza za matao chini. Baraza! Unaweza kuuzunguka uwanja karibu wote usilowe mvua. Unaitwa kwa jina la Mfalme Přemysl Otakar wa Pili, aliyeuanzisha mji 1265. Katikati pana chemchemi ya Samsoni na simba, na karibu nayo jiwe moja kati ya mawe ya sakafu ambalo wenyeji husema ukilivuka usiku mkubwa hutapata njia ya nyumbani. Tulilipitia mbali. Mji huu unajulikana duniani kwa bia, na kila meza ilikuwa na gilasi zake; sisi tukaomba Kofola, kinywaji cheusi cha majani tangu enzi za ukomunisti, kina ladha baina ya kola na dawa ya kikohozi. Gilasi ya pili nikaipenda.

Siku ya pili, Alhamisi 9 Mei: kijijini

Basi la saa nne kasorobo, koruna 40 na ushei, dereva akapokea kadi. Kilomita kama kumi na tano kuelekea magharibi, lakini kwa kuwa basi linaingia kila kijiji, zilichukua zaidi ya nusu saa.

Nchi yenyewe ni bonde pana lililo tambarare, na kila penye mbonyeo wameweka bwawa la samaki. Mabwawa haya si ya Mungu; yalichimbwa kwa mikono tangu karne za kati, yameunganishwa kwa mifereji, na vuli kila mwaka huyafungulia maji na kuvua kapr, yule samaki mnene wanaomla usiku wa kuamkia Krismasi. Kusini bonde linafungwa na vilima vyenye msitu viitwavyo Blanský les, na kilele chake Kleť kinafika mita 1,084. Kati ya mabwawa na vilima ni mashamba ya řepka, zao la mafuta mfano wa haradali, ambalo mwezi wa tano hugeuka manjano hadi macho yakauma. Mwaka ule lilichanua mapema, manjano ilikuwa inaanza kupauka.

Tukashuka. Basi likaondoka. Kimya.

Picha haikuniandaa kwa ukubwa wa ule uwanja. Wao huita náves. Una urefu wa mita 210 hivi na upana wa 70, majani matupu, na miti michache ya lípa yenye majani mapya. Upande mmoja bwawa dogo, karibu yake kikanisa cheupe cha Mtakatifu Yohane wa Nepomuk cha mwaka 1755, na kibanda kilichokuwa cha mhunzi. Nyumba zote zinautazama uwanja, hakuna hata moja iliyogeuza mgongo. Nikapima kwa hatua, mpwa wangu akajifanya hanijui.

Nieleze nyumba ilivyo, maana hapa ndipo penye utamu wangu. Kila mkulima alikuwa na kiwanja chembamba, kirefu sana, kinaanzia uwanjani na kurudi nyuma. Mbele pana kuta mbili zinazopanda hadi kwenye ncha ya paa: ya kulia tuseme ni nyumba ya kulala, ya kushoto ni ghala ya nafaka. Kati yao ukuta wenye lango la tao, pana kwa gari la farasi, na ubavuni mlango mdogo wa watu. Ukiingia ni ua, mazizi pembeni, na mwisho kabisa banda kubwa la kuhifadhia majani makavu ambalo linafunga ua. Nyuma ya banda, bustani ya matunda. Nyuma ya bustani, zamani, ilianza ngwe ya mkulima yule yule ikinyooka mpaka msituni. Mtu angeweza kutoka kitandani kwake hadi mwisho wa shamba lake bila kukanyaga ardhi ya jirani.

Mpango huo ni wa karne ya 13. Kijiji kimetajwa kwa maandishi mara ya kwanza 1263, na mwaka 1292 Mfalme Václav wa Pili akakitoa sadaka kwa watawa wa monasteri ya Vyšší Brod, ambao walikimiliki hadi 1848, mwaka wakulima walipoondolewa kazi ya shokoa. Miaka zaidi ya mia tano watu hawa walilima siku zao na siku za watawa. Walipopata uhuru na fedha kidogo, walifanya nini? Walipaka lipu. Vipaji vingi vya nyumba unavyoviona ni vya baada ya hapo, karne ya 19: mawimbi, makombe, nguzo za uongo, mwaka wa ujenzi umeandikwa juu kwa tarakimu za lipu. Wenyewe huuita mtindo huo baroki ya wakulima. Mafundi waliona makanisa ya mabwana, wakarudi kijijini wakaiga kwa mwiko na chokaa, kila mmoja kwa alivyojaaliwa. Nyumba moja ile mikunjo ya juu upande wa kulia ni minene kuliko ya kushoto. Nilisimama chini yake nikacheka peke yangu. Nilimjua yule fundi, nimefanya naye kazi. Alianza kulia asubuhi, jua likampiga, akamalizia kushoto na njaa.

Tulipata chumba kwenye nyumba mojawapo ya uwanjani, koruna 1,500 kwa wawili pamoja na chai ya asubuhi. Mwenye nyumba ni mama wa miaka sabini na kidogo, nywele fupi nyeupe, koti la bustani. Kijerumani alijifunza miaka ya 1990 alipokuwa akivuka mpaka kwenda kusafisha vyumba hotelini Austria, kwa hiyo yeye na mpwa wangu wakawa na lugha. Kwangu alitumia vidole na kicheko, akaniita "pane mistře", bwana fundi, mara tu alipoambiwa kazi yangu.

Chakula cha mchana kwenye mkahawa wa kijijini: kulajda, supu ya malai chachu yenye uyoga, viazi, shibiti na yai moja linaloelea katikati, koruna 75. Ningekula sufuria. Halafu kapr wa kukaanga, koruna 230, miiba kama sindano za fundi cherehani.

*Kwa Waislamu wenzangu:* muulizeni mpishi kinachokaangiwa ni mafuta gani. Neno la kuliogopa ni *sádlo*, nalo ni mafuta ya nguruwe. Hata supu ya viazi isiyo na hatia inaweza kuwa nayo. Semeni *bez vepřového*, yaani bila nguruwe. Walitujibu kwa uungwana kila mahali, na mara moja mpishi alitoka jikoni na chupa ya mafuta ya alizeti mkononi ili tuione kwa macho. Ukishindwa kabisa, jibini ya kukaanga ipo kila pahala.

Siku ya tatu, Ijumaa 10 Mei: ukuta, mjozi na mbingu

Asubuhi yule mama alituletea chai na koláče, vimkate vya duara vyenye kitovu cha jibini laini na jamu ya plamu. Akaniona nimeshika ukuta wa ukumbi. Siwezi kujizuia, nikiingia nyumba ya mtu mkono unakwenda ukutani kabla ya salamu. Lipu ya chini, hadi usawa wa kiuno, ilikuwa baridi na chepechepe, rangi imetoka malengelenge, na nilipogonga kwa fundo la kidole ikalia tupu kama ngoma. Juu ya kiuno ilikuwa kavu na ukuta unajibu kwa sauti nzito.

Nikamwambia mpwa wangu, muulize, hapa chini alipiga nani na lini. Jibu: fundi mmoja, miaka kumi na kitu nyuma, kwa sababu ukuta ulikuwa na unyevu, akaweka saruji nzuri, ngumu. Nikakaa kitako. Ugonjwa ule ule wa mitaa yetu ya Shangani na Malindi. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa kupumua. Ukiuvika saruji umeuziba pua, maji yanapanda juu kutafuta pa kutokea. Nilichora kwenye daftari: ukuta, mishale ya maji, mdomo uliofungwa. Yeye akatazama mchoro, akatazama ukuta, akasema neno moja la Kicheki ambalo mpwa wangu hakutafsiri.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Akatupeleka uani, ghalani, mpaka kwenye bustani ya nyuma penye mjozi mkubwa, na majani yake yote yalikuwa meusi yamenyauka kama yaliyobabuliwa. Mwisho wa Aprili jalidi lilipiga nchi nzima baada ya siku za joto; matunda ya mwaka yalikwisha kwa usiku mbili tatu. Miche yake ya tungule ilikuwa bado ndani dirishani. Hapandi nje mpaka wapite "wanaume wa barafu", yaani siku za watakatifu Pankrác, Servác na Bonifác, tarehe 12 hadi 14 Mei. Mwaka huu, akasema, walituma salamu mapema.

Chini ya mjozi ndipo alipotueleza habari ya nyumba.

Hapa turudi nyuma kidogo. Kijiji hiki kimekufa mara mbili. Mara ya kwanza kati ya 1520 na 1525 tauni ilipoingia, na wanaambiwa walisalia watu wawili tu. Watawa hawakutaka ardhi ilale, wakaleta walowezi wa Kijerumani kutoka Bavaria na Austria. Tangu hapo kijiji kikawa cha Wajerumani kwa zaidi ya karne nne, jina lake Hollschowitz. Ukiuliza watu wa mwaka 1895, walikuwa Wajerumani 157 na Wacheki 19. Zile nakshi za lipu ninazozisifu, sehemu kubwa ni jasho lao.

Mara ya pili ni baada ya vita. Hitler alipokwisha kushindwa, Chekoslovakia iliwafukuza Wajerumani wake, kiasi cha watu milioni tatu, waliomuunga mkono na wasiomuunga mkono pamoja na watoto. Katika uhamisho uliopangwa wa 1946 mtu aliruhusiwa mzigo wa kilo 30, baadaye 50. Begi langu la ndege lilikuwa 23. Nilikuwa nimejaza mwiko, viatu, zawadi, na bado nililalamika.

Wazazi wa huyu mama walikuja mwaka ule ule kutoka ndani ya nchi, wakapewa nyumba. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba walikuta sahani kabatini na saa ya ukutani imesimama, na kwa wiki ya kwanza alikataa kulitumia lile kabati. Yeye alizaliwa humu humu. Walowezi wapya hawakutosha kuzijaza nyumba, nyingine zikabaki tupu, mapaa yakaingia maji. Ikaja miaka ya 1950, mashamba yakaunganishwa kwenye ushirika wa serikali, mipaka ya ngwe ikalimwa ikapotea; ndiyo maana leo nyuma ya bustani unaona shamba moja kubwa la řepka lisilo na mwisho. Hakuna mwenye fedha wala sababu ya kubomoa nyumba ya zamani na kujenga ya kisasa. Vijiji vingine vilivyokuwa na neema viliweka madirisha makubwa na gereji. Hiki kilisahauliwa na kila kitu chake, hata mpango wa karne ya 13, mpaka miaka ya 1990 watu walipoanza kukitengeneza.

Miaka hiyo ya 1990, akaendelea, alisimama mwanamke mmoja pale langoni, amekuja na gari kutoka Ujerumani. Hakubisha hodi. Alisimama tu upande wa pili wa uwanja akitazama, muda mrefu, mpaka mama mwenye nyumba akatoka kumuuliza. Alikuwa ameondoka humu akiwa mtoto. Hakuomba kuona vyumba. Aliomba kunywa maji ya kisimani.

Mpwa wangu alipomaliza kutafsiri, nikamwambia amweleze hili. Mwaka wa jana yake nilikuwa kwenye jukwaa la ujenzi pale Mji Mkongwe, nyumba ya serikali tangu baada ya Mapinduzi, wapangaji familia sita, na mie ndiye niliyekuwa na ufunguo wa mlango mkubwa. Akaja kijana kutoka Muscat na kanzu yake nyeupe, anaomba radhi kabla ya salamu, anataka kuona ngazi. Bibi yake aliondoka 1964 na alikuwa akiwasimulia ngazi ile, ngapi za mawe na ngapi za mbao. Nikamfungulia. Akazihesabu kwa sauti ya chini akipanda. Wapangaji wakatoka milangoni, mmoja akamletea kikombe cha kahawa, na hakuna aliyejua aseme nini. Mama mmoja wa humo, aliyehamia kutoka shamba akiwa msichana, akamwambia, "Karibu, baba," kisha akajishika mdomo.

Bibi wa Holašovice alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: hesabu ilikuwa sawa? Nikasema ilipungua moja. Ya mwisho ililiwa na mchwa.

Mchana tulizunguka nje ya kijiji kwa njia za miguu, alama za rangi zimepakwa kwenye miti, huhitaji ramani. Pana duara la mawe marefu ya kusimamishwa mfano wa yale ya Uingereza, lakini ni ya karne hii hii, mtu kayajenga kwenye shamba lake. Kiingilio kidogo. Watoto wanafurahi, mie nilifurahia zaidi jirani aliyetusimamisha na trekta akatupa chupa ya maji ya tofaa.

Jua lilizama karibu saa mbili na nusu usiku, na huko mwezi wa tano giza haliji upesi, Isha inangojwa mpaka saa nne na zaidi. Nilikuwa bado nimekaa macho, mpwa wangu kalala na viatu, mara dirisha likagongwa. Yule mama, na blanketi mabegani, ananyosha kidole juu: "Pane mistře! Pojďte, pojďte!"

Tukatoka uwanjani. Upande wa kaskazini, juu ya mapaa, mbingu ilikuwa nyekundu. Kwanza nikadhani moto, kijiji cha jirani kinaungua. Kisha rangi ikapanda, waridi, zambarau, na mistari myeupe ikasimama ndani yake kama kanzu zilizoanikwa, ikisogea pole pole bila upepo. Mianga ya kaskazini, iliyoshuka usiku ule hadi katikati ya Ulaya kwa dhoruba kubwa ya jua. Kijiji kizima kilikuwa nje. Sikujua kama kina watoto mpaka usiku ule. Mzee mmoja na suruali ya kulalia alinipa mkono bila kunijua. Zile kuta nyeupe zilikuwa zimeshika rangi, hafifu, waridi kwenye chokaa, na bwawa nalo lilikuwa na lake. Picha zangu zote ni za kutikisika. Mpwa wangu, huyu msomi wa simu, alikuwa ameiacha chumbani.

Niliswali Isha saa sita na nusu.

Siku ya nne, Jumamosi 11 Mei: kurudi kwa njia ya watawa

Jumamosi mabasi ni machache mno. Mama akakataa katakata tungoje basi. Akatupakia kwenye gari lake dogo lenye magunia ya mbolea hadi stesheni ya Budějovice, na hela ya mafuta akairudisha mfukoni mwangu mara mbili.

*Ukitaka kulala kijijini,* nenda siku za kazi, na andika saa za basi la kurudi kabla hujashuka. Mwezi wa saba huwa na sherehe ya wakulima na mafundi wa mikono, uwanja hujaa mabanda. Ukipenda watu nenda wakati huo, ukipenda kuta nenda wakati mwingine.

Njiani tulishuka Rybník na kupanda kitreni cha umeme kinachoteremka bonde la Vltava, kwa kuwa nilitaka kuwaona wale waliokuwa mabwana wa kijiji. Monasteri ya Vyšší Brod ilianzishwa 1259 na Vok wa Rožmberk. Ni kubwa, baridi, maktaba yake ina vitabu kama 70,000. Watawa nao walionja: Wanazi waliwafukuza 1941, wakarudi baada ya vita, wakomunisti wakaifunga 1950, wakarudi tena 1990. Tuliona mmoja tu, anakata majani kwa mashine, vazi lake jeupe limepandishwa na kufungwa kiunoni.

Treni ya kurudi Linz ilikuja kwa wakati.

Mwezi wa nane mpwa wangu alinipelekea picha mbili alizotumiwa na yule mama. Ya kwanza, mjozi umetoa majani mapya, machache, ya kijani ya kuchelewa. Ya pili ni ukumbi. Saruji yote imebanduliwa hadi usawa wa kiuno, mawe yako wazi, na chini ya ukuta kuna ndoo imeandikwa kwa kalamu nene *vápno*, chokaa. Ameuliza angoje miezi mingapi kabla ya kupiga. Nimemjibu asiuguse kabla haujapita msimu mzima wa joto, na asimruhusu yule fundi kuingia ndani hata kunywa kahawa.